Chiriku Katika Ghala la Ulanga

TANGAZO. Wajue wote, wakubwa kwa wadogo, wa mjini na wa milimani, ya kuwa kuanzia leo Jumatano Karani Hatibu bin Kibwana amepewa mamlaka kamili ya kupeleleza kifo cha Paulo mchambuaji, na kwamba kila mtu, mnyama na jini aliye ndani ya mipaka ya Morogoro anaamriwa kujibu maswali yake bila kuchelewa, bila kudanganya na bila kunong'ona.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa boma saa moja asubuhi. Ilipotimu saa moja na nusu, mbuzi wa mpishi alikuwa amekwisha kulila nusu, pamoja na uji wa muhogo uliotumika kulibandika. Aliyemteua Hatibu alikuwa Hatibu mwenyewe. Muhuri aliougonga ulikuwa wa vibali vya mbwa, maana muhuri mkubwa ulifungiwa kabatini na Bwana Shauri, Mjerumani mwenye wilaya yake, naye Bwana Shauri alikuwa Dar es Salaam, harudi mpaka gari la moshi la saa kumi jioni.

Mwandiko, lakini, ulikuwa mzuri. Hilo hata waliomchukia walilikubali. Hatibu alikuwa na miaka kumi na minane, na minne katika hiyo aliishi bwenini, katika shule ya serikali huko pwani, akajifunza hesabu, Kijerumani, kupiga tarumbeta, na kuandika herufi R kubwa yenye mkia mrefu uliojikunja mwishoni kama wa kinyonga. Mwaka wa kwanza mkia ule ulimpatia zawadi ya mwandiko bora. Mwaka wa pili ulimpatia viboko sita, kwa kuwa mwalimu aliutambua katika barua iliyowapa wanafunzi wote siku mbili za mapumziko, kwa saini ya mwalimu mkuu ambaye hakuwa na habari.

Shaushi Ahmadi, mkuu wa askari polisi, alisimama mbele ya mabaki ya tangazo, mikono nyuma. Alikuwa mtu mnene wa shingo, mwenye sauti ya kuamsha farasi, na hakujua kusoma.

"Linasemaje hili?"

"Linasema nimepewa kazi ya upelelezi, Shaushi."

"Kakupa nani?"

"Boma."

"Boma ni mimi mpaka saa kumi."

"Basi umenipa wewe. Nashukuru sana."

Shaushi alimtazama kama mtu anayepima urefu wa kamba. "Upelelezi wa nini? Muuaji ninaye. Mzee Mikidadi, mlinzi wa ghala, amewapikia wachambuaji kahawa kila siku ya Mungu. Jana wamekunywa, Paulo kafa. Bwana Shauri akishuka garini namkabidhi mtu na birika lake. Kamba atatafuta mwenyewe."

Hatibu akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

"Nipe mpaka saa kumi, Shaushi."

"Unamhangaikia kwa nini? Babu yako?"

"Hapana. Ni haki tu."

"Haki!" Shaushi akacheka. "Nyinyi watoto wa shule. Haya, njoo umtazame maiti kwanza, tuone kama hiyo haki yako itabaki tumboni."

Paulo alilazwa kwenye baraza la nyuma ya boma, amefunikwa kaniki, akingoja kuchukuliwa na padri. Shaushi aliivuta kaniki kwa ncha ya fimbo. Hatibu alikuwa amejiandaa kuona povu, damu, uso uliokunjamana. Hakukuwa na kitu. Paulo alilala kama mtu aliyeshiba. Midomo yake ilikuwa na wekundu wa ajabu, na kucha zake pia, utadhani damu bado inatembea chini yake. Askari aliyekuwa zamu aligeuza uso.

"Jini kambusu," alinong'ona.

"Nyamaza," akasema Shaushi, ila na yeye alirudi nyuma hatua moja.

Hatibu aliandika: *midomo myekundu, kucha nyekundu, hakuna jeraha, hakuna povu.* Kisha akaenda nyuma ya ukuta, na kwa muda mfupi haki haikubaki tumboni.

*

Ghala lenyewe lilikuwa nyuma ya stesheni. Humo ndimo ulanga ulimochambuliwa, yale mawe yang'aayo ya milima ya Uluguru yanayochanika kama kurasa za kitabu. Wapagazi waliyashusha kwa mizigo, na wachambuaji wakakaa kwenye benchi kuyachana na kuyasawazisha kwa visu. Kuta zilikuwa za mawe, paa la bati, dirisha moja dogo lenye nondo, na nyuma, juu kidogo ya kimo cha mtu, bomba la bati la kuingizia hewa, pana kiasi cha kupitisha kichwa cha mtoto mchanga. Mzungu mwenye ghala alikuwa na sheria moja: wachambuaji wakiingia, mlango unafungwa kwa nje, ili ulanga usitoke ndani ya nguo za watu. Mlango ulikuwa na kitundu cha kuchungulia na kitasa cha Ulaya, ambacho ukiusukuma tu hujifunga chenyewe.

Watu walijaa upande wa pili wa reli. Hakuna aliyethubutu kuvuka.

Rosa alikaa kwenye ngazi za stesheni, amejifunika blanketi ingawa jua lilikuwa limepanda. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mkatoliki wa vijiji vya misheni huko Matombo, na ndiye aliyekuwa ndani ya ghala na Paulo.

"Umeamkaje, dada Rosa?"

"Nimeamka, karani. Mwenzangu hakuamka."

Hatibu akafungua daftari. "Jana ulikunywa kahawa?"

"Mimi? Sinywi kahawa, inaniondolea usingizi. Mzee Mikidadi anajua, hata kikombe hanipi."

Hatibu alimtupia Shaushi jicho. Shaushi akatazama reli.

"Na hali yako kabla ya kuanguka?"

"Kichwa. Kichwa kimetugonga wiki tatu hizi, sote. Asubuhi unaingia mzima, ikifika adhuhuri kinataka kupasuka, moyo unakwenda mbio, tumbo linapanda. Wakitufungulia tukapata upepo, kinapoa. Jumapili hakiumi kabisa. Jana ilikuwa baridi, dirisha likafungwa. Paulo akasema, Rosa, miguu yangu imekwenda nyumbani imeniacha. Nikacheka! Paulo kwa utani, unamjua. Nikataka kusimama nimfinye, na yangu haikuja. Nikatambaa mpaka mlangoni nikaanguka, pua yangu ikiwa hapo chini, kwenye uwazi." Akafuta macho kwa pembe ya blanketi. "Mulungu wangu, nilicheka."

"Wiki tatu," Shaushi akaingilia. "Wiki tatu zilizopita kulitokea nini?"

"Sauti ilianza."

Kalamu ya Hatibu ilidondosha tone la wino katikati ya ukurasa.

"Sauti gani?" akauliza Shaushi.

"Ya kwenye bomba. Jioni, karibu na kufunguliwa. Ilimwita Paulo kwa jina, taratibu, kama mtu aliye kisimani. Paaaulo. Nipe mkono, Paulo. Siku ya pili ikaita tena, halafu ikacheka."

Askari wawili waliosimama nyuma ya Shaushi wakasogeleana.

"Hilo la sauti tutalirudia," Hatibu akasema upesi. "Tumalize la kahawa. Tafadhali weka alama yako hapa chini ya maneno yako."

Rosa hakuweka alama. Aliishika kalamu akaandika jina lake, polepole, ncha ya ulimi ikitokeza. "Masista walinifundisha," alisema. Kisha akaufuata ukurasa kwa kidole. "Una mwandiko mzuri, karani. Tazama hii R ya jina langu ulivyoitia mkia."

"Ahsante," Hatibu akajibu, akalifunga daftari.

Alimgeukia Shaushi. "Birika liko wapi?"

"Nimelihifadhi. Ni ushahidi."

"Na kahawa iliyokuwamo?"

Shaushi akakohoa. "Ilikuwa bado ina moto."

"Uliinywa?"

"Kikombe kimoja." Askari wakatazama buti zao. "Vitatu."

"Na unajionaje?"

"Nimelala vizuri," Shaushi akakiri kwa hasira, kana kwamba usingizi ule ulimsaliti. Kisha uso wake ukabadilika. Alilitazama ghala, na ile sauti ya kuamsha farasi ikapungua. "Sasa nisikilize, karani. Kama si kahawa, basi ni yule mwenye sauti. Na huyo sina pingu zake. Mimi nitampa Bwana Shauri mtu mwenye mikono na miguu. Ninaye mmoja tu."

*

Ilibidi kuingia ndani. Hatibu alilisema jambo hilo kwa sauti ya mtu asiyejali, kisha akagundua kwamba hakuna anayetaka kumtangulia, wala kumfuata.

Shuleni walifundishwa kwamba penye hewa mbaya taa huzimika. Ndivyo wanavyopima visima. Aliwasha taa ya kandili, akaishika mbele yake mkono ukiwa umenyooka kabisa, akavuka kizingiti. Ghala lilikuwa wazi tangu jana. Vipande vya ulanga vilimetameta sakafuni, na kila kimoja kilimrudishia mwanga mdogo, hata akahisi anatazamwa na macho mia. Benchi la Paulo lilikuwa bado na kisu chake. Akaishusha taa mpaka chini, akaipeleka pembe hii na ile. Mwali ulisimama wima, mtulivu, haukupepesa.

"Imezimika?" Shaushi akapiga kelele kutoka nje.

"Inawaka!"

"Basi hewa ni safi! Toka humo tumpeleke mzee!"

Hatibu alitaka kutoka kuliko alivyowahi kutaka chochote. Akageuka, mguu wake ukagonga kitu kikaviringika kwa kishindo. Aliruka. Kilikuwa chetezo cha udongo, kikubwa, kimejaa majivu. Karibu na dirisha kilikuwepo cha pili. Nyuma ya benchi, cha tatu. Vyote vya baridi.

Alitoka akaenda moja kwa moja kwa mfungwa, Shaushi akimfuata.

Mzee Mikidadi aliketi chini ya ukuta wa boma, mnyororo shingoni, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamekwisha kumzika yule kijana?"

"Bado. Mzee, ndani ya ghala mlikuwa mkiwasha moto?"

"Moto hapana. Vyetezo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile sauti. Nilisema jini hapendi ubani, nikatia makaa katika chetezo kimoja, nikakiweka ndani. Kesho yake vichwa vikawauma. Nikajua jini kakasirika, nikaongeza cha pili. Vikauma zaidi. Nikaongeza cha tatu." Alisema kwa fahari ndogo, ya mtu aliyefanya kazi yake. "Tena ubani mzuri, wa kutoka pwani. Na bomba nililiziba kwa gunia, nikalishindilia kwa mpini wa jembe. Ukijua mlango wa mwizi, unaufunga."

"Na jana?"

"Jana kulikuwa na baridi, nikafunga na dirisha, wapate joto, halafu nikavuta mlango…" Tasbihi ikasimama. Mzee akamtazama. "Kwa nini unaniuliza hivyo, mwanangu? Mimi niliwafungia na nini?"

Hatibu alifunga daftari. Alikuwa amekumbuka mwalimu mmoja wa shuleni, Mjerumani mwembamba kutoka nchi ya machimbo ya makaa, aliyewaambia darasani kwamba kuna hewa inayozima taa, na kuna nyingine inayolipuka, na kuna ya tatu, mbaya kupita zote, inayozaliwa na makaa yanayowaka mahali palipofungwa. Hiyo haina rangi wala harufu. Taa haiioni. Ndiyo maana wachimbaji kwao huingia shimoni na ndege katika tundu. Darasa zima lilicheka. Kesho yake mwalimu alifungua mtoto wa meza yake akakuta kuku aliyekasirika, na barua isemayo kwamba kuku huyo anapima hewa. Hatibu alipata viboko vinne kwa kuku yule, na leo kwa mara ya kwanza aliona kwamba vilikuwa vichache.

"Shaushi," alisema, "namhitaji Sultani."

Sultani alikuwa chiriku wa Shaushi. Alitundikwa katika tundu la fito kwenye dirisha la chumba cha zamu, na mji mzima ulijua kwamba yule yule aliyeweza kusimamia hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, bila kope kumtikisika, kila alfajiri alimpigia ndege wake mluzi na kumlisha ulezi kwa ncha ya kidole.

"Chukua kuku."

"Kuku mkubwa, atachelewa. Gari halitachelewa."

"Na ndege wangu akifa?"

"Mzee hatakufa."

Shaushi alimtazama mzee, akatazama dirisha la chumba cha zamu. Halafu akaenda akalitungua tundu mwenyewe. "Akifa," alisema, "wewe ndiye utakayeimba dirishani kwangu kila alfajiri. Mpaka ustaafu."

*

Saa nane vyetezo vitatu viliwashwa, makaa yakapulizwa mpaka yakawa mekundu bila moshi, ubani ukanyunyizwa juu. Kila kitu kiliwekwa pale pale Mzee Mikidadi alipoonyesha. Dirisha likafungwa kwa ndani. Bomba lilikuwa na gunia lake, halikuguswa. Hatibu alilisisitiza hilo mara mbili, kwamba halina haja ya kuguswa. Kwenye benchi la Paulo waliweka taa inayowaka, na kando yake Sultani. Kisha mlango ukavutwa, kitasa kikalia, ufunguo akapewa askari mmoja aushike.

Rosa alikuja na blanketi lake akakaa chini pembeni. Mzee Mikidadi aliletwa na mnyororo wake, akaombwa ahesabu kwa tasbihi, maana saa ya stesheni haikuonekana kutoka pale.

Hatibu aliweka jicho kwenye kitundu cha mlango.

Tasbihi ilipozunguka mara kumi, chiriku alikuwa akiimba. Ishirini, bado anaimba, na askari wakaanza kutabasamu. Taa iliwaka vizuri. Harufu ya ubani ilipenya chini ya mlango, tamu kama ya nyumba ya harusi. Katika mzunguko wa ishirini na tano wimbo ulikatika katikati. Ndege alijivimbisha manyoya. Akahamia fito nyingine, akakosea, akashika tena.

"Anafanyaje?" Shaushi alinong'ona shingoni kwa Hatibu.

"Amekaa."

"Amekaaje?"

Hatibu aliusogeza uso karibu zaidi na mlango. Ndani ya chumba kile hakuna kilichosogea. Hapakuwa na mtu, wala moshi, wala kivuli. Palikuwa na taa inayowaka kwa utulivu, na kiumbe kidogo kilichoanza kuyumba kama mlevi. Hatibu angeona jini angalau angejua aangalie wapi.

Sultani alianguka. Alianguka bila kupiga bawa, kama tunda.

"Ameanguka," Hatibu akasema. "Taa inawaka, naye ameanguka. Shaushi, ni makaa! Si kahawa, ni ma…"

"Jini!" askari mwenye ufunguo alipiga ukelele. Akafungua mlango kwa pupa, sijui akitaka kumtoa jini au kumwona, kisha akageuka akatimua mbio kuelekea relini, ufunguo mkononi. Shaushi hakumtazama. Alikwisha ingia. "Sultani! Sultani!" Na mlango ule mzito, ulioachiwa na kila mtu, ukajirudisha taratibu nyuma yake. Kitasa kikalia.

Kwa kitambo hakuna aliyeelewa. Halafu ngumi zikaanza kupiga mlango kwa ndani.

"Fungua!"

"Ufunguo! Mfuateni yule, ufunguo!" Askari wa pili akakimbia. Watu wa ng'ambo ya reli walimwona askari wa kwanza akija na macho yamemtoka, nao wakakimbia, na yeye alipowaona wanakimbia akazidisha.

Ngumi zilipiga. Zikapiga. Zikapungua.

"Shaushi! Fungua dirisha!"

"Sioni…" Sauti ilikuwa nzito. "Karani, kichwa… Miguu hii…"

Kitu kizito kikaanguka ndani, upande wa nyuma.

"Lala chini!" Rosa alikuwa amefika mlangoni, amepiga magoti, anapaza sauti kwenye uwazi. "Baba, tambaa! Leta pua hapa! Mimi hapa ndipo nilipopona!"

Uwazi ule haukufika upana wa kidole. Hatibu alitazama relini: askari wawili walikuwa wadogo kama siafu, na bado wanakimbia. Aliutazama mlango. Kisha akautazama mpini wa jembe ulioegemezwa ukutani, na uso wake ukawa wa mtu aliyeonyeshwa kaburi lenye jina lake.

Akaunyakua. Alizunguka nyuma ya ghala mbio, akapita katikati ya majani marefu bila kutafuta, akakanyaga jiwe lililofichika humo, akawa sawa na bomba. Alisukuma. Gunia halikusogea. Akasukuma kwa bega, akilia, ndiyo, akilia, na kwa mara ya tatu kitu kikaachia na kudondokea ndani, na bomba likavuta pumzi ndefu usoni mwake.

Alisimama juu ya jiwe lile akisukuma upepo ndani kwa kofia yake, kama mpishi anayepepea jiko, mpaka aliposikia ufunguo ukigeuka upande wa mbele.

*

Shaushi Ahmadi alitoka kwa mikono na magoti. Rangi ilikuwa imempotea. Alitapika, akakohoa, akatapika tena, na muda wote huo hakuliachia tundu. Walimkalisha upeponi. Ndani ya ghala, juu ya benchi, taa ilikuwa bado inawaka.

Sultani alilala chali. Shaushi alimtoa akamweka katika kiganja, akampulizia. Upepo wa milimani ulikuwa umeanza kushuka, wenye baridi. Mguu mmoja ukatikisika. Jicho likafunguka.

"Mfungueni mzee," Shaushi akasema, bila kuinua kichwa.

Mnyororo ulianguka. Mzee Mikidadi alishika shingo yake, akawa kama asiyeelewa kwamba ni yake. Mbali, upande wa Ngerengere, gari la moshi lilipiga honi.

Hapo Hatibu angeweza kwenda zake. Aliwaza hivyo hivyo. Aliokota daftari lake.

"Ngoja, karani." Shaushi aliingiza mkono katika koti. "Hii iliniangukia kichwani, pamoja na gunia."

Ilikuwa karatasi nene iliyokunjwa kama tarumbeta, nyembamba huku, pana huku, imebondeka kwa kushindiliwa. Shaushi aliikunjua. Juu yake palichapwa tai, nembo ya serikali.

"Karatasi ya boma. Ndani ya bomba. Nisomee."

Hatibu aliipokea. "Imeharibika, Shaushi. Masizi. Haisomeki."

"Mbona mimi naisoma?" Rosa alikuwa amesimama nyuma yake. Alinyoosha mkono akaichukua, akaweka kidole. "Ruhusa. Ruhusa ya kufuga mbwa. Halafu neno limekatwa, mwandishi alikosea." Kidole kilibaki kwenye herufi ya kwanza. "Karani, toa ile karatasi yangu ya asubuhi."

"Ya nini, dada Rosa?"

"Nataka kuona mkia."

Gari lilipiga honi tena, karibu zaidi.

"Tena nilitaka kukuuliza," Rosa akaendelea, taratibu, kama mtu asiyetaka kufika. "Lile jiwe kwenye majani, nilikufuata nyuma nikakuona umesimama juu yake. Nimefanya kazi hapa miaka miwili, sikujua kama lipo. Wewe umelijuaje?"

Nimemwita Hatibu tangu mwanzo kana kwamba ni jirani yangu, kwa sababu mtu ni rahisi kumfuata ukiwa nyuma yake. Basi. Hatibu ni mimi. Jiwe nililiweka mimi. Nililibeba kutoka mtoni jioni moja, wiki tatu nyuma, kwa kuwa Paulo alivicheka viatu vyangu vipya mbele ya watu, jinsi vinavyolia nikitembea. Nilikunja karatasi niliyoiharibu ofisini, nikaitia bombani, nikamwita. Nilitaka aruke tu. Siku ya pili niliwasikia wakipiga kelele ndani, nikacheka mpaka nikaing'ata kofia yangu. Halafu nikasikia hatua, nikakimbia, tarumbeta yangu nikaiacha mle.

Niliyasema haya yote pale, mbele ya mlango, na sauti yangu haikuwa na tangazo lolote ndani yake.

Nilidhani Shaushi angenipiga. Alimshika ndege wake tu, akanitazama.

Mzee Mikidadi ndiye aliyesema. "Ile sauti ni yako, mwanangu?"

"Ni yangu, mzee."

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningelizibua." Hakusema kwa hasira. Alikuwa akihesabu, kama kwa tasbihi: chetezo cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Nami nikaongeza ubani. Kila siku nikaongeza ubani."

Rosa alifunika uso kwa blanketi.

Gari la moshi liliingia stesheni. Mlango wa behewa la Wazungu ulifunguliwa, na Shaushi akasimama kwa shida, akarekebisha mkanda.

"Andika," akaniambia.

"Mikono inatetemeka, Shaushi."

"Andika hivyo hivyo. Atakaposhuka nimpe karatasi, maana mimi sijui kusoma, na wewe umetuambia mengi leo."

Nikapiga magoti mavumbini, nikaliweka daftari juu ya paja, nikageuza ukurasa wenye tone la wino. Nikaandika: *Mimi, Hatibu bin Kibwana, karani wa boma, ndimi jini.*